Shajara ya mradi: Kadi ya moyo katika idara ya dharura, Malindi

Januari

Mradi huu una lengo moja. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo anayefika hospitalini kwetu hapa Malindi anapaswa kuhudumiwa na wauguzi kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kadi, wenye saa na wenye mwenyewe wa kila hatua, tangu anapoketi kwenye benchi la mapokezi hadi anapolazwa juu ya meza ya chumba cha katheta, na tena tangu anaporudi nyumbani hadi anapozizoea dawa zake. Sisi wenyewe chumba cha katheta hatuna. Mshipa wa moyo ulioziba hufunguliwa humo, kwa mrija mwembamba (katheta) unaopitishwa hadi moyoni na kubeba puto na stenti, kijimrija cha chuma kinachobaki kikiushikilia mshipa wazi. Kazi hiyo hufanyika mjini Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, na barabara inapita Gede, Matsangoni, Kilifi na Mtwapa kabla hujaliona daraja la Nyali.

Tulipokaa kusoma taratibu za uuguzi za hospitali kubwa za ng'ambo, tuliziona ni nguo nzuri iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine. Nyingi zinaanza pale mgonjwa alipokwisha kufika kwenye jengo lenye puto: nani amnyoe kinena, nani amsainishe fomu ya ridhaa, nani asukume kitanda. Kwetu kazi kubwa ya muuguzi iko kabla ya hapo, njiani. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba hatutaitafsiri kadi ya mtu; tutaiandika yetu kwa kuanzia barabarani.

Hesabu iliyotuongoza ni hii. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo wa 2023 unataka kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa aonane na mhudumu wa afya wa kwanza. Kipimo kikionyesha mshtuko wa aina ya STEMI, ule ambao mshipa umezibwa kabisa na bonge la damu na msuli wa moyo unakufa kidogo kidogo, swali linalofuata ni kama mshipa unaweza kufunguliwa kwa puto ndani ya dakika 120 tangu utambuzi. Ikiwezekana, mgonjwa apelekwe moja kwa moja. Isipowezekana, apewe dawa ya kuyeyusha bonge, na lengo ni aanze kuipata ndani ya dakika 10 tangu utambuzi huo, kisha asafirishwe vilevile kwenda kwenye chumba cha katheta. Kutoka Malindi, barabara peke yake inaweza kuzimaliza dakika 120 zote, kabla ya kuhesabu muda wa kumtafuta dereva na kufungua lango. Wagonjwa wetu wengi, basi, ni wa njia ya pili: dawa kwanza, safari baadaye. Sioni sababu ya kuiita njia ya maskini. Dawa ikitolewa mapema, hasa katika saa 3 za mwanzo za maumivu, hufanya kazi kubwa. Inayoiharibu ni kuchelewa.

Jambo la kwanza tulilokutana nalo katika mafaili ya zamani si dawa wala mashine, ni saa. Saa ya ukutani, saa ya ambulensi na saa ya simu ya daktari hazikubaliani, na ukitoa moja kwenye nyingine unapata mgonjwa aliyepimwa kabla hajafika. Hilo ni dogo. Kubwa ni saa ya kuanza maumivu. Mzee wa Mambrui akisema kifua kilimbana saa tisa usiku, anazungumzia saa chache kabla ya alfajiri. Mwandishi aliyezoea kujaza fomu kwa Kiingereza anaandika saa tisa kama ya Kizungu, na papo hapo mgonjwa ameongezewa saa 6 za maradhi. Mtu kama huyo akifika saa nne asubuhi, kwa kweli ana saa 7 tangu maumivu yaanze. Kwenye karatasi ana 13, na dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 12. Kwa hiyo kadi yetu inaandika muda kwa saa 24 pekee, kutoka kwenye simu ya muuguzi anayeishika kadi, na swali la kuanza maumivu linaulizwa kwa alama ambazo mgonjwa anazikumbuka: kabla ya adhana ya alfajiri au baada yake, kabla ya chai au baada.

Februari

Mwezi huu umekwenda kwenye dakika 10 za mwanzo. Hapo awali ECG ilisubiri agizo la daktari au afisa wa kliniki, na usiku mtu huyo mmoja anaweza kuwa wadi ya watoto au chumba cha upasuaji. Tuliomba idhini ya jambo dogo: muuguzi wa meza ya mapokezi akimwona mtu mzima mwenye maumivu ya kifua, au jasho jingi na kukosa pumzi bila sababu inayoonekana, au maumivu ya chembe cha moyo kwa mwenye kisukari, achukue ECG bila kumwomba mtu ruhusa, kisha ampelekee msomaji karatasi mkononi.

Katika kikao wakubwa wawili walisita, wakiuliza muuguzi ameanza lini kujiagizia vipimo. Mmoja wetu alijibu kwa historia, na naiandika hapa kwa sababu imetusaidia kuliko takwimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyumba vya kwanza vya kuangalia wagonjwa wa mshtuko wa moyo vilipofunguliwa, ilionekana mara moja kwamba moyo unaotetemeka ovyo haumsubiri daktari apande ngazi. Kule Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo waliijenga huduma yao juu ya muuguzi aliyefundishwa kusoma mstari wa moyo na kuchukua hatua mwenyewe. Tangu hapo uuguzi wa moyo umekuwa kazi ya uamuzi. Idhini ilitoka kabla chai haijapoa, kwa maandishi, ikiwa na saini.

Kisha tukagundua kwamba idhini haifungui vifungo vya nguo. Kuchukua ECG ni kubandika vibandiko kifuani, na mama aliyevaa buibui, ameletwa na mkwewe, hatakubali kufunguliwa kifua mbele ya pazia linalopepea. Ndipo dakika zetu nyingi zilipokuwa zikipotelea, hasa usiku kama zamu ni ya wanaume watupu. Tumeweka mambo mawili. Kwanza, kwenye rafu ya mashine kuna leso (kanga) mbili safi zilizokunjwa. Mgonjwa anafunikwa leso, na vibandiko vinawekwa kwa chini, sehemu moja baada ya nyingine, bila kumwacha wazi. Pili, muuguzi wa kike wa wadi ya wazazi, iliyo ukuta wa pili, anaitwa kwa jina na anajua anaitiwa nini. Leso zimefanya kazi kuliko mafunzo yote tuliyotoa mwezi huu, na mshonaji wa hospitali ameahidi kuongeza.

Kadi sasa ina umbo. Ni karatasi moja ngumu, rangi ya manjano, inayoning'inia kwenye kitanda na kusafiri na mgonjwa. Upande wa mbele ni Malindi, upande wa nyuma ni barabara. Kila mstari una nafasi ya saa na nafasi ya herufi za jina la aliyefanya. Mstari usio na jina hauhesabiwi.

Ramadhani, kumi la kwanza

Wagonjwa wanakuja baada ya futari. Wengi wameshakunywa dawa ya tumbo, wengine tangawizi na ndimu, na wote wana maelezo: bajia, viazi vya karai, kula kwa haraka. Mzee mmoja mvuvi wa Shela aliletwa na tuktuk, akiwa na jasho lililolowanisha kanzu hadi kiunoni.

"Mwanangu, hii ni gesi tu. Nipe kitu kidogo nirudi, tarawehe imeanza."

"Nimekusikia, baba. Nikupime kwanza, haitachukua hata muda wa rakaa mbili, kisha tutajua kama ni gesi."

Haikuwa gesi. ECG ilionyesha mstari uliopanda katika sehemu za chini za moyo, na hapo kadi ina hatua ambayo nimeipigania: kibandiko kimoja kihamishiwe upande wa kulia wa kifua, kipimo kirudiwe. Mshtuko wa sehemu ya chini mara nyingine huhusisha chemba ya kulia ya moyo, na mgonjwa wa namna hiyo huishi kwa damu inayorudi moyoni. Ukimwekea nitroglisirini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka mbele yako. Ndiyo maana dawa hiyo haitolewi kwa mazoea. Haitolewi kama namba ya juu ya shinikizo iko chini ya 90, wala kama mgonjwa ametumia dawa za nguvu za kiume hivi karibuni, yaani saa 24 kwa sildenafili na 48 kwa tadalafili. Swali hilo la mwisho haliulizwi mbele ya mke, watoto wa kiume na jirani aliyeendesha tuktuk. Kadi inasema waziwazi: waombe jamaa watoke nje, vuta pazia, uliza kwa sauti ndogo, andika jibu kwa alama tu.

Mchana suala ni lingine, nalo ni saumu. Aspirini ya mwanzo inatafunwa, na ile tuliyo nayo ni vidonge vidogo vya miligramu 75, kwa hiyo vinne. Wapo wazee wanaofunga mdomo na kutaka kungoja magharibi. Qurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na kila mtu hapa analijua hilo, lakini kulijua hakutoshi kwa mtu aliyefunga miaka sitini bila kukosa. Imamu wa msikiti wa jirani amekubali kupigiwa simu saa yoyote, na mara nyingi neno lake moja linamaliza jambo. Tumeandika namba yake ndani ya mlango wa kabati la dawa.

Oksijeni nayo imepata mstari wake, kwa sababu mkono wa muuguzi huitafuta barakoa kabla ya kitu kingine. Ikiwa kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiko 90 kwa mia au zaidi na mgonjwa anapumua vizuri, hahitaji, na mtungi ubakie kwa safari.

Baada ya Idi

Tumeingia kwenye dawa yenyewe ya kuyeyusha bonge, na hapa sitaki haraka. Tenekteplezi hutolewa mara moja kwa mshipa, kwa sekunde chache, na kipimo chake hufuata uzito: miligramu 30 kwa aliye chini ya kilo 60, kisha 35, 40 na 45 kila kilo kumi zinapoongezeka, hadi 50 kwa mwenye kilo 90 na zaidi; aliyepita miaka 75 hupewa nusu. Wapi tutapata uzito wa mtu asiyeweza kusimama? Tumekataa kukisia peke yetu. Wauguzi wawili wanaandika makisio kila mmoja upande wake bila kuonyeshana, na jamaa anaulizwa uzito wa mwisho wa kliniki. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya kilo kumi, mgonjwa anapimwa na machela kwenye mizani ya mizigo ya stoo, kisha uzito wa machela unatolewa. Mizani hiyo inapima magunia ya unga wa jikoni na ni sahihi kuliko macho yetu.

Jambo moja la karibu sana, ambalo halimo katika mabango ya ukutani: dawa hii ikikutana na maji ya dekstrozi, yaani ya sukari, huganda ndani ya mrija. Wagonjwa wetu wengi wana kisukari, na aliyetoka zahanati huja na dripu ya dekstrozi ikitiririka. Kadi inamtaka muuguzi asuuze mrija kwa maji ya chumvi kabla na baada, na kanula ya pili, yaani kijimrija cha kwenye mshipa, iwekwe tayari kabla dawa haijatolewa, kwa kuwa baada ya hapo kila tundu la sindano ni tundu la kuvuja damu. Kanula zote mbili ziwe mkono wa kushoto. Daktari wa Mombasa mara nyingi hupita kwenye kifundo cha mkono wa kulia kuufikia moyo, na kanula iliyochomekwa hapo kwa mazoea inampokonya njia. Sindano za kwenye msuli zimepigwa marufuku kabisa, hata ile ya maumivu.

Maswali ya kuzuia dawa yanasomwa kwa sauti, yote, hata kama mgonjwa anaonekana mzima: kiharusi cha kuvuja damu wakati wowote maishani, kiharusi kingine chochote katika miezi 6 iliyopita, kuumia kichwa au upasuaji mkubwa wa hivi karibuni, damu tumboni, shinikizo lisiloshuka. Daktari ndiye anayeamua; muuguzi ndiye anayehakikisha kwamba hakuna swali lililorukwa.

Mei, masika

Mvua imefungua upande wa nyuma wa kadi. Muuguzi anayesafiri si msindikizaji. Amebandika vibandiko vya defibrileta, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, kifuani kabla ya kuondoka, si baada ya moyo kusimama, kwa sababu mtetemo wa hatari wa moyo hupenda saa za mwanzo na hautasubiri ufungue mfuko pale Matsangoni huku gari likirukaruka. Ukitokea, dereva anasimama pembeni. Hakuna anayekandamiza kifua ipasavyo, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 na mara 100 hadi 120 kwa dakika, ndani ya gari linalokwenda. Madereva walilipinga hilo, wakiona kusimama ni kuchelewa. Tuliwapa mwanasesere wa mafunzo na gari likatembezwa, ubishi ukaisha.

Mshipa ukifunguka kwa dawa, monita inaweza kuonyesha mapigo mapana, ya polepole, yanayomtisha asiyeyazoea. Mgonjwa akiwa na fahamu na shinikizo lake limetulia, yaache. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imerudi. Ishara za kuogopa ni nyingine: kichwa kuuma ghafla, maneno kuvurugika, kutapika. Hapo ni damu kichwani mpaka ithibitishwe vingine, dawa zote za kuzuia kuganda zinasimamishwa, na gari linaingia hospitali iliyo karibu.

Kipimo cha pili cha ECG kimetusumbua. Kinatakiwa kati ya dakika 60 na 90 baada ya dawa, kuona kama mstari uliopanda umeshuka angalau nusu. Usiposhuka, dawa imeshindwa, na mgonjwa anapaswa kuingia chumba cha katheta mara anapofika; ukishuka, anaweza kupigwa picha ya mishipa kati ya saa 2 na 24. Kwa hiyo jibu hilo ndilo linaloamua kama watu wa Mombasa waamshwe usiku au wasubiri asubuhi. Lakini dakika hizo zinatukuta njiani, na gari likitikisika mstari unatoka kama maandishi ya mtoto. Tumekubaliana kusimama mahali palipo tambarare na taa, dakika mbili tu, injini izimwe, karatasi ipigwe picha na kutumwa. Kituo cha mafuta karibu na Kilifi kimeruhusu.

Fedha nazo ni sehemu ya uuguzi, upende usipende. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, familia inafika bila kujua kama imesajiliwa tu au imesajiliwa na kulipa. Kituo kimoja cha kupokea rufaa kiliwahi kuzuia machela mlangoni kikidai amana kwanza, na kijana wa mgonjwa akabaki akipiga simu kwa ami zake. Sasa karani anaanza ukaguzi wa SHA wakati ule ule ECG inapochukuliwa, na jina la aliyekubali kumpokea mgonjwa, upande wa Mombasa, linaandikwa kwenye kadi pamoja na saa.

Juni

Wanaorudi wanarudi wakicheka, na hilo ni tatizo. Maumivu yameisha, kifundo cha mkono kina alama ndogo kama ya kuumwa na mbu, na mtu anaona amepona. Stenti ni chuma ndani ya mshipa, na damu hutaka kugandia juu yake mpaka ngozi ya ndani ya mshipa iifunike. Ndiyo sababu ya aspirini pamoja na dawa ya pili, klopidogreli au tikagrelo, kwa kawaida miezi 12. Vidonge vya hospitali vikiisha mtu huacha, au mng'oa meno humwambia asimamishe kwa wiki. Muuguzi wa kliniki anampigia simu kabla ya vidonge kuisha, si baada, na anayechelewa kujibu hutafutwa kupitia mhudumu wa afya wa mtaa. Familia za Barani na Muyeye zimepokea hili vizuri. Wavuvi wa Ngomeni wako baharini na simu haishiki, kwa hiyo ujumbe unapitia kwa wake zao.

Waliopitishiwa katheta kinenani, badala ya mkononi, hupewa maelekezo yao: uvimbe unaokua, mguu kuwa baridi au kufa ganzi, warudi siku hiyo hiyo. Wenye kisukari ambao metformini yao ilisimamishwa kwa ajili ya dawa ya rangi inayodungwa wakati wa picha ya mishipa hupimwa figo kabla ya kuirudisha.

Wenzetu wa Lamu wameomba nakala. Kadi yetu haitawafaa ilivyo, kwa sababu mgonjwa wao anaanza na boti kutoka kisiwani hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Witu na Garsen kabla hata ya kufika kwetu, na usiku boti na gari vyote vinategemea nani anapatikana. Kwao hakuna hesabu ya puto ndani ya dakika 120. Swali ni nani kisiwani ana idhini ya kutoa dawa ya kuyeyusha bonge, na nani anamsomea ECG akituma picha. Tumekubaliana kuanzia hapo. Rasimu yao itakuwa na safu ya muda wa gati na muda wa Mokowe, na sanduku la dawa litakaa wadini kisiwani, si ndani ya ambulensi inayosubiri upande wa bara.